Hukumu ya Kaka Fuad kwa Nguzo Nne

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda cha kaka yangu Fuad, nyumbani kwetu Woodley, nikimdanganya. Nilikuwa nikimwambia kwamba albamu ya kundi la Nguzo Nne haina maana.

Wewe unaniona hivi na buibui langu na tasbihi mkononi, ukadhani shangazi yako alizaliwa hivi. Ujana wangu niliumalizia kwenye roki. Fuad alipiga gitaa la besi katika kundi lililoitwa Chuma Chakavu, na mpiga ngoma wao alikuwa Njoroge, jirani yetu, aliyekulia jikoni kwa mama yangu kama mmoja wetu. Walifanya mazoezi katika chumba cha nyuma. Mama alilalamika kwamba wanambomolea nyumba, kisha akawapelekea chai na mahamri.

Sisi mashabiki tulikuwa na ugonjwa mmoja. Tulisimama nje ya maduka ya Adams Arcade tukibishana: laiti tungemchukua mwimbaji wa kundi hili, mpiga gitaa wa lile, na Njoroge kwenye ngoma, tungekuwa na kundi ambalo Nairobi haijaliona. Tuliunda kundi hilo midomoni mwetu hata likatokea kweli. Wakajiita Nguzo Nne. Njoroge akachukuliwa, na besi akapewa kijana mmoja wa Loresho.

Fuad hakuitwa. Wakati huo figo zake zilikuwa zimeshachoka, anapelekwa hospitali kusafishwa damu kila wiki, na kusimama na gitaa begani hakuwezi tena. Hakuna aliyekuwa na uso wa kuja kumwambia hivyo, na Njoroge ndiye aliyeshindwa kuliko wote. Aliacha tu kuja. Chuma Chakavu ikafa bila mtu kutangaza tanga.

Nyumbani tukawekeana sheria bila kuisema. Wimbo wa Nguzo Nne ukianza redioni, mtu anainuka na kuizima. Wajomba wakija kumjulia hali, wanamwambia atapona na ataunda kundi lake mwenyewe, kubwa kuliko lao. Fuad alikuwa akiitikia inshallah na kugeukia ukutani.

Mimi albamu niliinunua siku ileile ilipotoka, na niliisikiliza chumbani kwangu, vipokea sauti masikioni, kama mwizi. Nikwambie kweli, nilianza kwa kuichukia. Nyimbo za mwanzo kila mmoja anataka asikike yeye, kama kamati ambayo wote waliomo ni wenyeviti. Mpiga gitaa hampi mwimbaji nafasi ya kuvuta pumzi. Lakini kadiri inavyokwenda wanaanza kusikilizana, na wimbo wa nane, ule wa polepole, nilipousikia nilikaa sakafuni nikalia. Nililia kwa sababu ni mzuri, na nikalia kwa sababu kaka yangu hayumo.

Basi siku hiyo ya Jumamosi Fuad aliniuliza ghafla kama nimeisikia. Nikasema nimeisikia, na ni takataka, watu wamepoteza wakati wao. Nilidhani nampa dawa. Alinitazama, uso wake umevimba, macho yake yaleyale.

"Ruki, mimi naumwa, sijawa mtoto," alisema. "Watu wote humu ndani wananisemesha kama nishazikwa. Na wewe pia?"

Sijawahi kukaripiwa kwa sauti ndogo hivyo, na sijawahi kuumia zaidi. Niliinuka, nikaileta albamu, nikaiweka kwenye redio ya mama, mlango wazi, kila mtu asikie.

Aliisikiliza yote. Vidole vyake vilikuwa vikicheza juu ya blanketi, vikitafuta nyuzi. Katika wimbo wa tano aliinua mkono akanieleza kwamba hapo, baada ya ubeti wa pili, Njoroge anaanza kuharakisha. Ndiyo desturi yake akiwa na hofu. Enzi zao Fuad alikuwa akimtazama mguu, akiona unaanza kuwahi, anamrudisha kwa besi pole pole, na watu hawajui kitu. Yule kijana wa Loresho alikuwa fundi, alisema, lakini hajui kumshika Njoroge.

Ulipofika wimbo wa nane vidole vyake vilitulia. Machozi yalimtoka akayaacha.

"Ni nzuri," alisema ilipokwisha. "Ni nzuri kuliko chochote tulichowahi kufanya. Mwambie Njoro. Na umwambie wimbo wa tano anaharakisha, asiogope."

Nilimpigia Njoroge jioni ileile. Simu iliita, hakushika. Nikapiga kesho yake na siku zilizofuata, nikamwachia ujumbe kwamba Fuad anamtafuta. Hakujibu. Wiki haikwisha, kaka yangu akafariki, na kama ilivyo kwetu, tukamzika siku ileile.

Njoroge alikuja siku ya hitima. Wanaume walikuwa wameketi kwenye mikeka nje, naye akasimama kando ya ua, hathubutu kuingia. Nilimwendea. Aliniambia kwamba kila akiona jina langu kwenye simu aliingiwa na woga, alijua ni Fuad anataka kumlaani. Nikamwambia haikuwa hivyo. Fuad aliisikiliza albamu yote, na alisema ni nzuri kuliko chochote walichowahi kufanya.

Aliinamisha kichwa kwa adabu. "Asante, Rukia," akasema, na niliona wazi kwamba hakuamini. Alidhani ni maneno ya matangani.

Nilikuwa nimekusudia kumfichia ile nusu ya pili, maana ni nani anayempelekea mtu kasoro kwenye hitima? Lakini ulikuwa ujumbe wa marehemu, si wangu. Nikamwambia: "Alisema pia wimbo wa tano unaharakisha. Alisema usiogope."

Njoroge alishika ua kwa mikono miwili. "Watu wote waliniambia iko sawa kabisa," alisema. "Hiyo tano nilijua nimeharibu. Ni Fuad tu angesikia hiyo. Kumbe alisikiza kweli." Kisha akalia, mtu mzima yule, mpaka baba akainuka kwenye mkeka akaja kumshika mkono na kumwingiza ndani.

Ujumbe ulifika, mwanangu, lakini sauti yake haikufika, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Wale wawili walikuwa na njia fupi tu kati yao, na hofu ikaifunga.

Basi nikuusie. Mgonjwa wako usimpe maneno ya kumnyamazisha. Mpe ulimwengu kama ulivyo, bado ni wake. Anayekupenda ukimwuliza kazi yako ikoje, mwache akwambie na kasoro, ndipo utakapojua kwamba alikutazama. Na mtu uliyemkosea akipiga simu, ishike, hata ukiogopa. Mungu akujaalie rafiki atakayekusikiliza mpaka mwisho, na akupe ujasiri wa kumfikia angali anaweza kukujibu.