Difu ya Ford Chini ya Chevrolet

Roy Tackett, fundi bomba wa mji wa Flint, Marekani, ana kiwiko cha mkono kilichopinda, na aliyekipinda ni baba yake mzazi.

Mzee Vernon alizeekea kiwandani kwa Chevrolet, na nyumbani kwake kutaja Ford, mahasimu wao, ilikuwa sawa na kutukana mama. Roy naye alikuwa na Chevrolet ya zamani ya mashindano, injini kaitia nguvu mpaka inasaga difu, zile gia zinazozungusha magurudumu ya nyuma, kama njugu. Mbio za Jumamosi zilipokaribia, akatafuta kwenye vyuma chakavu difu ya Ford, nene kama paja la ng'ombe. Akaipaka rangi nyeusi ili mzee asiitambue, akaanza kuifunga chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki.

Vernon akaingia gerejini, akachutama, akaitambua.

"Umeniletea uchafu gani humu, wewe?"

"Ni chuma tu, baba."

"Chuma kina ukoo!"

Akanyanyua nyundo aipasue difu. Roy akakinga kwa mkono, mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Kwa mkono uliobaki akampiga babake mdomoni, meno ya bandia yakarukia kwenye beseni la oili chafu. Wakaanguka wote wawili, wakakaa sakafuni wakitweta, damu imewatapakaa.

"Imepasuka?" mzee akauliza kwa ufizi mtupu.

"Mkono? Umevunjika."

"Difu, mpumbavu!"

"Haina hata mkwaruzo."

Vernon akaitazama kwa chuki. Kisha akachukua spana, akaingia chini ya gari, akakaza bolti moja moja huku akiitukana.