Diski Tatu Zisizo na Alama

Nakumbuka Jumamosi moja pale Runzewe niliyoamka nikiwa fundi mkubwa kuliko wote kati ya Geita na Shinyanga, na kabla ya adhuhuri nikawa mtu wa kukwepa njia inayopita kwa jirani yake. Sikuwa kijana wa umri, mwanangu. Arobaini nilikuwa nimeshaipita. Nilikuwa kijana wa elimu. Nilikuwa nimemaliza shule ya usiku ya kompyuta, nikapewa cheti, nikakitia kwenye fremu kubwa kuliko dirisha, na tangu hapo haikupita redio wala pasi mbele yangu bila kufunguliwa.

Fahari yangu ilikuwa seva ya nyumbani. Jina lisikutishe. Ni kompyuta kuukuu niliyoiweka sebuleni juu ya meza ya cherehani, ina diski tatu ndani, ya kutunzia picha na video ili simu ikiibwa au ikifa kumbukumbu zibaki. Ilivuma kama karasha la kusagia mawe, hata mke wangu akawa anasema akipika anajiona yuko machimboni. Majirani nao wakaanza kuniletea vya kwao niwatunzie.

Mmoja wao alikuwa Mama Kulwa. Mumewe alifukiwa na shimo la dhahabu wakati yeye ana mimba ya Shija, yule anayewafuata mapacha. Kwenye simu yake iliyopasuka kioo alikuwa na video ya dakika mbili: baba anawarusha Kulwa na Doto juu, anawadaka, anacheka. Sauti ya yule mwanamume haikubaki mahali pengine popote duniani.

"Itunze, Baba Neema," akaniambia. "Shija akipata akili nitamwonyesha baba yake."

Nikamjibu kwamba hata ardhi ikiimeza Runzewe yote, seva yangu itakutwa chini huko bado inavuma.

Shija alipofika miaka sita, mama yake akaniambia Jumapili wakitoka kanisani watakuja kutazama. Mimi nikataka mtoto amwone baba kwenye televisheni kubwa, na mfumo wa zamani wa ile mashine haukuweza. Kwa hiyo Jumamosi saa tatu nikaiwekea mfumo mpya juu ya ule wa zamani. Ikajizima. Ikajiwasha. Kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja wa maandishi ukisema haioni mfumo wa kuanzia.

Ningetulia nikausoma ule mstari, leo nisingekuwa na la kukusimulia. Lakini fundi mwenye fremu hasomi. Nikachomoa memori nikazisugua kwa kifutio cha penseli, nikabadilisha waya wa umeme, nikapuliza vumbi la kutosha kufyatulia tofali. Nikachomoa nyaya za diski zote nikazirudisha. Mstari ni uleule. Basi nikaamua kuweka mfumo upya kabisa, kuanzia mwanzo.

Mwalimu wetu alitufundisha: kabla hujafanya hivyo, toa diski zenye vitu vya watu. Nilikumbuka vizuri sana. Tatizo likawa, ni ipi?

Huku kwetu mchimbaji mwenye mawe mazuri haandiki kitu kwenye mfuko wake. Anauchanganya na mifuko ya kifusi, yote inafanana, ili mwizi asijue abebe upi. Nilikuwa nimechimba miaka minane kabla ya kuijua kompyuta, na tabia ile nikahama nayo. Diski zangu nilizibandua karatasi zote. Ukubwa mmoja, rangi moja. Niliamini nazijua kwa mpangilio wake, na mpangilio nilikuwa nimeuvuruga mwenyewe saa moja nyuma.

Nikachagua moja, nikaiwekea mfumo mpya. Mashine ikawaka, nikacheza pale sebuleni kama niliyepata mwamba wenye dhahabu. Halafu nikaenda kutafuta vitu vya majirani. Diski niliyoichagua ndiyo iliyokuwa navyo; mfumo mpya nilikuwa nimeuandika juu yake.

Jumapili wakaja. Shija kavaa gauni jeupe, kapakwa mafuta hadi anang'aa.

"Tumekuja kumwona Baba Kulwa," akasema mama yake.

"Mashine iko kwenye matengenezo, shemeji. Wiki ijayo."

Shija akaniuliza, "Wiki ijayo ni kesho?"

Wiki ijayo ikaja, nikasema wiki ijayo. Nikafanya hivyo mara nne, mwanangu, na kila mara nikawachekesha kwa utani mpya ili waondoke wakitabasamu. Baada ya ile ya nne, katikati ya wiki, nikabeba mashine hadi Kahama kwa fundi mmoja kijana. Akasikiliza, akanywa soda yake, akaniambia ile mashine haikuwa na ubaya wowote. Baada ya mfumo mpya ilikuwa imeanza kutafuta pa kuanzia kwenye diski isiyo na mfumo. Ningeionyesha tu ianzie wapi, dakika nne zingetosha. Sasa alichoweza kuokoa ni picha chache zilizokatika nusu. Video haikuwemo.

Niliporudi nikaenda kwa Mzee Masanja, aliyenifundisha kuchimba. Shikamoo yangu ilikuwa ya chini kiasi kwamba aliitikia marahaba huku akinitazama miguu, akidhani naumwa. Nikamweleza yote, pamoja na zile diski nilizozificha kama mifuko.

"Ng'wanawane, mwanangu, umechukua nusu ya mila," akasema. "Hatukuandika kwenye mfuko, sawa. Lakini watu wawili walikuwa wanaujua, mimi na mwenzangu. Wewe ulimwambia nani?"

Nikasema, sikumwambia mtu.

"Na hili la kuharibu, umemwambia nani?"

Nikasema, wewe tu. Akasema basi nimekosea mlango, nisimame niende.

Nikaenda. Mama Kulwa alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia bila utani hata mmoja, mara ya kwanza maishani mwangu. Hakulia. Akauliza ilikuwa lini. Nikasema ile Jumamosi kabla ya Jumapili ya gauni jeupe.

"Baba Neema," akasema, "ile simu nilikuwa nayo. Ilikuwa kabatini, na kadi yake ndani. Nimempa kaka yangu juzi, akaibadilishe Maganzo. Nilijua unayo wewe."

Nilifika Maganzo siku ya pili yake. Simu niliipata. Mmiliki wake mpya alikuwa mtu mwema, akaniachia niikague nitakavyo. Kadi ilikuwa imefutwa, imejaa muziki.

Baadaye Shija alinikuta mlangoni kwangu. Aliambiwa kwamba mimi ndiye niliyeiona ile video mara ya mwisho.

"Baba alikuwa anachekaje?"

Nikajaribu. Nikakumbuka nilivyoweza, nikakohoa, nikacheka kwa kifua. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Hicho ni kicheko chako," akasema, akaenda zake.

Mwanangu, kabla hujaboresha kitu kinachofanya kazi, weka nakala ya pili mahali pengine, na amana ya mtu iandike jina lake juu. Mashine ikigoma, soma inachokuambia kabla hujashika bisibisi. Hayo utayajua hata shuleni. Hili la mwisho nimelinunua mwenyewe: ukiharibu cha mtu, mwambie siku hiyohiyo, ungali unatetemeka, maana huenda kabatini kwake kipo kitu cha kuokoa, na kila siku unayonyamaza unakitupa wewe.

Mungu akujalie mikono isiyo na haraka, na mdomo unaowahi kukiri. Na wale uwapendao, sauti zao zikae nawe hadi wajukuu wako wazisikie.