Koti Jeupe Kuliko Yote

Mdogo wangu tulimwita Pua, maana hali kitu kabla hajakinusa, wala haamini mtu mpaka amkague mara mbili. Aliposema anakwenda chuoni kusomea kemia ya kijani, yaani kutengeneza vitu bila kuacha sumu nyuma, nilijua shaka zake sasa zitapata cheti.

Mama yetu anafanya kazi kwa dobi anayesafisha suti kwa dawa badala ya maji. Kazi ya mwisho ya Pua chuoni ilikuwa kukamua mafuta ya maganda ya machungwa, yaondoe madoa badala ya dawa hiyohiyo. Mama aliposikia, alinuna.

"Kwa hiyo unasoma ili bosi wangu afunge duka?"

"Nasoma ili usikohoe, mama."

"Nakohoa vumbi. Hiyo dawa unayoitukana ndiyo imekusomesha."

Tangu hapo wakawa wanaangaliana kwa jicho la pembeni kama mawifi. Hata hivyo, mama hakuacha kumfulia koti lake la maabara. Kila Jumatatu lilining'inia mlangoni limepigwa pasi, jeupe kuliko yote darasani.

Huko maabara mambo yakaharibika. Kila Pua alipopitisha mafuta yake kwenye mashine ya kupima, karatasi ilitoka na mchoro wenye mlima mrefu wa chungwa, na kando yake kilima kidogo kisichohusika. Kilima hicho kilikuwa dawa ya dobi, ambayo hata maabara ilikuwa nayo chupa ya kulinganishia. Msimamizi wake hakumung'unya maneno: sumu ikionekana tena, kazi haipiti na mwaka anaurudia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Pua aliniambia, na mara moja akamshuku msichana wa meza ya jirani, aliyekuwa akimwazimisha chupa. Akaacha kumsalimia. Alifungia mafuta kabatini, akabandika unywele kwenye kifuniko ili amnase. Unywele haukuguswa, na kilima kikarudi. Mimi nilimwonea huruma yule msichana, maana najua kushukiwa na Pua kulivyo.

Siku moja alijimwagia maji ya rangi, akavua koti, akapima akiwa na blauzi tu. Karatasi ikatoka safi. Akalichukua koti, akasogeza kola puani, akavuta kwa nguvu. Hiyo harufu alikua nayo tangu utotoni, ndiyo iliyokuwa ikiingia na mama kila jioni. Pua yake yote ile haikuwahi kuihesabu kuwa harufu.

Alirudi nyumbani, akaliweka koti mezani mbele ya mama.

"Mama, hili unalifulia wapi?"

Mama aliinamisha macho. "Kazini. Bosi hajui. Nalipitisha pamoja na suti za wakubwa. Nilitaka ung'ae mbele ya wenzako."

Nilijiandaa kwa ugomvi. Pua alikaa tu, akamweleza taratibu: koti linaingia kwenye dawa mara moja kwa wiki, mvuke unaobaki kwenye kitambaa unanaswa na mafuta, na mashine inauona. Akasema akilifua mwenyewe kwa sabuni, kazi yake itapita. Kesho angemwomba radhi yule msichana.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Na mimi ninayeshinda humo kila siku," aliuliza, "ukinipitisha kwenye hiyo mashine yako, itaandika nini?"

Pua aligeuka kunitazama mimi, kisha akaanza kulia.