Mpira Tulioupasua Getini

Nilitoka Songea na begi moja na godoro la sponji lililofungwa kwa kamba ya katani. Basi la kwanza liliniacha Makambako, la pili likanifikisha Dodoma, na la tatu, lililoharibika mara mbili kabla ya Nzega, likanishusha Kagongwa siku ya tatu asubuhi, miguu imevimba hadi viatu vinakataa. Hakukuwa na wa kunipokea. Nilikuwa nimeshapita Tunduru kwenye vito na Chunya kwenye dhahabu, na kila nilipofika nilipakumbuka nilipotoka kuwa ndipo palikuwa pazuri.

Nikapata kazi kwenye mwalo mmoja mbele ya Kahama, njia ya kwenda Geita. Mwaloni ndiko mawe ya dhahabu yanakosagwa kwenye karasha, kisha unga wake unaoshwa juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa vipande vya blanketi kuukuu. Maji yanaondoka na udongo, dhahabu inanasa kwenye manyoya ya blanketi, jioni vipande vinakamuliwa kwenye beseni. Mwenye mwalo, mama wa Kisukuma asiyependa maneno mengi, aliniuliza swali moja tu.

"Unaamini watu?"

"Hapana, Mama."

"Basi kaa getini."

Sheria ya geti niliikuta, mimi nikaitia makali: kila kilichofungwa kifunguliwe. Nilipasua maboga. Nilichana soli za kandambili. Mama ntilie nilimvunjia andazi mkononi mwake. Watu walinung'unika lakini hawakugoma, maana kila mmoja aliona anayestahili kukaguliwa ni mwenzake.

Fundi wa karasha alitoka nchi ndogo ya jirani. Sitaitaja, kwa sababu ni ndogo kweli na waliocheza naye wanajuana. Alikuwa kanizidi miaka michache, shingo nene, sikio la kushoto limekunjamana kama uyoga uliokauka. Alisema sikio hilo alilipata kwenye raga, akiichezea timu ya taifa.

Tulicheka sana siku ile. Taifa! Mtu mwenye grisi hadi kwenye nyusi.

Lakini alikuwa msimuliaji, na karasha ikizimwa kupoa sote tulisogea. Alisema timu yao ilianza na mpira mmoja ulioletwa na mwalimu wa kigeni, ambaye aliondoka kabla hajamaliza kuwafundisha sheria. Sheria zilizobaki walizibuni. Namba za mgongoni walizibandika kwa plasta ya hospitali, mvua ikinyesha wote wanakuwa hawana namba. Mechi ya kwanza ya ugenini walisafiri kwa basi, wakafika wamepungua, kwa kuwa wawili walizuiwa mpakani kwa kukosa karatasi. Wakafungwa vibaya. Wakarudi wakiimba. Baadaye nchi yao ikachafuka, uwanja ukawa kambi, na timu ikatawanyika. Aliyebaki na mpira ule alimkabidhi mwingine alipokimbia, na huyo mwingine naye akamkabidhi mwenzake, hadi ukamfikia yeye. Ndiyo ilikuwa desturi yao: mwenye mpira ndiye mwenye timu, na siku wakikutana tena lazima aje nao.

Mimi nilisikiliza kama mtu wa geti. Mara ya kwanza alisema aliyeziba pengo kwenye mechi ile ya ugenini ni dereva wa basi. Wiki nyingine akasema ni mpishi wao. Sikumuuliza. Nililiweka moyoni, nikaongeza na mengine: kwamba hanywi, kwamba hapokei simu mbele ya watu, kwamba mpira wenyewe ulikuwa mzito kuliko ngozi na upepo.

Siku alipoomba ruhusa ya kwenda kwao, alikuja na uso ambao sikuwahi kumwona nao.

"Wanakutana," aliniambia. "Waliobaki. Wananisubiri mimi, si kwa uzuri wangu, kwa sababu ya huu." Akaupiga mpira kofi kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mgongoni.

Jana yake mvua ilikuwa imetukuta tunaosha mawe mazuri, yale ambayo hata asiyejua aliona rangi yake. Niliamuru blanketi zitolewe upesi, zisisombwe na maji. Mvua ilipokatika tulizikamua, na kilichobaki kwenye beseni kilikuwa aibu. Mwenye mwalo alitutazama mmoja mmoja, akaondoka. Sasa fundi alipoaga, nikajiuliza: nani anaondoka kesho? Nani ana kitu cha umbo la yai, kilichoshonwa pande zote, kizito?

Asubuhi alifika getini na begi, mpira kwapani. Nyuma yake kulikuwa na foleni.

"Fungua," nikamwambia.

"Mpira haufunguliwi, kaka."

"Hapa kila kitu kinafunguliwa."

"Upime basi mkononi."

Nikaupima. "Mzito."

"Ni viraka. Ukiwa na umri wake na wewe utakuwa mzito."

"Yai la mbuni hilo!" mtu akapiga kelele kwenye foleni. "Lipasue tuone kifaranga!"

Wakacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama, kisha akauweka mezani polepole.

"Basi pasua kwenye mshono," alisema. "Nakuomba hilo tu. Kwenye mshono unashoneka."

Nilikuwa na haraka, na nilitaka waone nimepata. Nikapasua katikati ya ngozi, kisu kikapita hadi mpira wa ndani. Ukatoa pumzi ndefu iliyonuka ngozi na stoo. Niliingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Hapakuwa na kitu. Yeye aliketi juu ya begi lake nje ya geti, akakaa hapo hapo, kama mtu aliyeambiwa basi halipo.

Nikaenda kwa mama ntilie, kibandani kwake kando ya mbao za kuoshea, nikanywe chai, nisionekane uso. Nilikaa kwenye benchi langu la siku zote.

"Inuka, bhabha," alisema. "Hilo gunia lako limenichosha, wateja wanachafuka nguo."

Akalivuta chini yangu na kulikung'uta. Halikuwa gunia. Kilikuwa kipande cha blanketi kilichokauka matope, na jua lilipokipiga, manyoya yake yakameta. Mimi ndiye niliyekitupia pale mvua ilipoanza, mbali na mikono ya watu. Tangu juzi, nilipokuwa namshuku kila anayepita, dhahabu nilikuwa nimeikalia mimi.

Nilimpelekea mwenye mwalo blanketi, nikamweleza yote. Nilitegemea anifukuze.

"Umekosea mtu, hujakosea kazi," alisema. "Mimi nataka watu wa namna yako."

Maneno hayo yalinikaa vibaya kuliko tusi, nikamwambia geti alitafutie mwingine.

Nikapanda bodaboda na fundi hadi Nyahanga, kwa fundi viatu mmoja ninayemjua. Hakuwa na mpira wa ndani wa umbo lile, akatia wa kandanda, akashona ngozi kwa uzi wa nailoni. Ulipojazwa ulitoka na tumbo, si yai wala si duara.

Mwenye mpira aliuzungusha mkononi. "Ameshika mimba," alisema. Ndiyo mara ya kwanza siku ile niliyoona meno yake.

Nilimsindikiza hadi lilipo lori la kuelekea mpakani. Nikashindwa kuvumilia.

"Mechi ile, aliyeingia ni dereva au mpishi?"

"Wote. Si walizuiwa wawili mpakani? Nafasi ya kwanza dereva, ya pili mpishi." Akapanda, mpira kwapani. "Hukuwahi kuuliza. Ulikuwa unaokota makosa tu."

Nilirudi mwaloni kuchukua vitu vyangu. Getini walikuwa wameshamweka mama mmoja wa makamo badala yangu. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba," akanyoosha mkono kwenye begi. Alilifungua godoro, akaminya sponji lote. Kisha akautoa mkate wangu wa safari, akautazama upande huu na huu.

"Sheria," alisema, kama anayeniomba radhi.

"Naijua," nikamjibu.

Akauvunja katikati, akachungulia, akanirudishia vipande viwili. Nikavila njiani, ndani ya basi, kabla hatujafika Tinde.