Namba Makumi Mbili na Moja

Unaweza kucheka, lakini hii kintu ilinifikia miye mwenyewe, nyuma ya Kasungami, mu tuneli ya zamani ya mugodi. Sikulewa. Hata bia sikunywa.

Kazi yangu ni kupima popo. Kuko kuvu moja nyeupe, inaota ku pua na ku mabawa sawa vile ku mukate wa zamani, na inabaua. Kwetu ilikuwa haijafika bado, njo maana tulikuwa tunapima. Tunafanya babili: mumoja anashika popo na kusema, mwenzake anarudilia kwa sauti kiisha anaandika. Na kutoka, kila mutu ananawisha viatu mu ndoo ya javel, ile dawa ya kuua mikrobe, asibebe ugonjwa inje.

Mwenye kuandika alikuwa bibi yangu mwenye nilioa, Kapinga. Alikufa wakati ya mvua. Tangu pale hakuna mutu alinirudilia neno, hata ku nyumba.

Ile mangaribi nilienda peke. Nikatega wavu, nikashika popo, kwa mazoea nikasema: "Namba moja. Mabawa mazima. Pua safi."

"Namba moja. Mabawa mazima. Pua safi."

Muzee mumoja, na kofia ya chuma ya bantu ba mugodi, aliikala ku kisanduku yenye Kapinga alizoea kuikalia, kaye yetu ya kuandikia vipimo ku magoti. Ningekimbia, si vile? Aba! Nilifurahi mpaka machozi ilitoka, uniamini. Tulipima makumi mbili.

Kiisha akasema: "Na miye, baba, unipime."

Nikainua taa. Kuvu ilitoka ku pua yake mpaka ku macho. Nilijua sharti: mugonjwa asitoke inje. Lakini nikisema ukweli atabakia mule, na miye nitarudia mu nyumba yenye kunyamaza.

"Namba makumi mbili na moja," nikasema. "Pua safi."

"Pua safi," akarudilia polepole, akaandika. Akasimama, akapita pembeni ya ndoo ya javel bila kunawisha viatu, akashika njia ya kwetu.

Mwandiko wake ungali mu kaye. Na popo benye kulala chini ya mabati yangu banaanguka mumoja mumoja, pua nyeupe. Kila asubuhi ninabafagia.

Weye mwenye kubaki peke, sikia: bulanda, ule upweke wa mufiwa, isikudanganye, ukaita mugonjwa muzima. Na usisemeseme peke yako mangaribi. Juzi, nikisonga ugali, nilisema tu ku jiko, "Bukari inaungua." Inje ya mulango mutu akarudilia: "Bukari inaungua."

Nikamufungulia.