Shimo Lisilofukuliwa

Kwa miaka miwili nilimwomba Mungu amtoe binti yangu kwenye kazi ile. Yeye ni mtaalamu wa miamba, yuko Ulaya ya kaskazini, chini kabisa ardhini, wanakozika fueli ya nyuklia iliyokwisha kutumika kwenye mitambo ya umeme. Mimi nilisikia neno sumu tu. Alipokuja likizo alikuwa na mkataba mpya, hajausaini.

"Nasubiri neno lako, baba."

Nilimwomba anisaidie kuchimba shimo.

Sisi wa Kagera, hata tukihamia Buzuruga hapa Mwanza, ndizi za juisi tunaziivisha shimoni. Unalipasha shimo moto, unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi mbichi, unafunika kwa majani na udongo. Baada ya siku chache unafukua. Nilikuwa nimeahidi juisi ya ibada ya mavuno. Lakini Mwanza jembe halishuki mbali. Tuligonga mwamba, na binti yangu akapiga magoti, akaupangusa kwa kiganja.

"Huyu ni kaka mkubwa wa mwamba wetu kule, baba."

"Basi msalimie, umwambie asogee nichimbe."

Tukahamia nyuma ya banda la kuku. Tukitandika majani, alinieleza kwamba fueli hiyo hufungwa ndani ya mtungi wa shaba, mtungi ukazungushiwa udongo unaovimba ukilowa, na juu yake mwamba wa mamia ya mita. Niliona nimeelewa vizuri.

"Na mnafukua lini?"

"Hatufukui, baba."

"Mtajuaje kama imeiva?"

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Haiivi! Inapoa, tena polepole, maelfu na maelfu ya miaka. Tunachoomba ni mtu asije akaifukua."

Nilikaa juu ya rundo la udongo. Katika umri wangu wote sijafukia kitu nisichotarajia kukiona tena. Hata marehemu wetu tunawalaza tukingoja ufufuo.

"Sasa wewe unafanya nini huko?"

"Natafuta nyufa, maji yasije yakapita yakawafikia watu wa wakati huo."

"Hawatakujua. Wala hawatakushukuru."

"Hata wewe hujanishukuru, na nimekuchimbia mashimo mawili."

Nilicheka, kisha nikawaza hao watu wa wakati huo. Kumbe muda wote ule nilikuwa namwomba Mungu awanyang'anye watoto ambao hawajazaliwa mtu wa kuwaangalia. Nilimwomba anisamehe, palepale, bila hata kuvua kofia.

"Piga magoti, mama," nikamwambia. Binti zetu tunawaita mama.

Nilimwekea mkono kichwani. Sala yenyewe ilikuwa fupi: Bwana amtangulie huko chini, ampe macho ya kuona kila ufa.

"Amina," akaitikia, akajishika kichwa. "Lakini baba, udongo wote huo! Nimesuka jana tu!"

Alinawa mikono, akaleta mkataba, akausaini juu ya ndoo iliyopinduliwa, mimi nikiwa nimeushikilia usipeperuke.