Mawese kwenye Tairi la Toroli

Kosa langu la kwanza nalitaja mapema ili lisinisumbue njiani: nilipaka matairi ya mbio mawese. Mawese ya mama. Wala siyo tone la kuonja, nilichota kikombe kizima kwenye dumu lake la biashara, nikayapaka matairi kama bibi anavyompaka mjukuu aliyetoka kuogeshwa. Kosa la pili ni kwamba moja ya matairi hayo lilikuwa la toroli lake. Hilo wakati ule sikuliita kosa. Nililiita kuazima.

Watu wazima wa hapa Kasulu wanaamini kwamba likizo ya Juni tunarudi nyumbani kusaidia kuvuna maharage. Tunasaidia, ndiyo, mpaka jua lipande. Baada ya hapo tunashughulika na mambo ya maana, yaani vigari. Kigari ni ubao wa kukalia, magurudumu mawili ya mti nyuma, moja la upepo mbele la kukatia kona kwa kamba, na breki ambayo ni katambuga yako mwenyewe, ile ndala ya tairi, ukiikandamiza ardhini. Injini ni mlima. Milima Mungu ametupa mingi kuliko akili.

Gurudumu la mti halikimbii hivi hivi. Unalivisha mpira. Unatafuta tairi la bodaboda lililochoka, unapasha kisu moto kwenye mkaa, unakata ukanda, unauzungusha na kuupigilia misumari. Mahali ncha mbili zinapokutana, ncha ya juu lazima ielekee nyuma, la sivyo barabara itaibandua na utaona mpira wako ukikupita. Haya yote nilifundishwa na rafiki yangu wa Makere, ninayesoma naye darasa moja, mtu ambaye hesabu za darasani humpa homa lakini kwa tairi ni profesa.

Sheria ya mbio zetu haijaandikwa popote kwa sababu hakuna anayeweza kuisahau. Ukishindwa, mshindi anachagua gurudumu moja kwenye kigari chako na kuondoka nalo. Hakuna kurudishiwa, hakuna kuleta mzazi. Aliyemleta baba yake mwaka juzi siku hizi anacheza rede na dada zake.

Mwaka huu alikuja mgeni kutoka Kibondo, kumtembelea shangazi yake, jirani yetu. Alikuja na kigari kwenye buti la basi, kama mtu mwingine anavyokuja na begi. Ndani ya wiki moja alikuwa amevuna magurudumu ya nusu ya mtaa na kuyatundika kwenye ua wa shangazi yake kama mihogo inayokaushwa. Kila akinikuta bombani ananisalimia kwa heshima zote.

"Mwakeye, mheshimiwa. Unakuja lini kuniletea langu?"

Nikamwambia Ijumaa, mchana. Nilisema Ijumaa kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira haangalii kalenda. Jumamosi ni gulio. Siku ya gulio mama anapakia madumu mawili ya mawese kwenye toroli na kulisukuma mpaka sokoni, maana bega lake la kulia ni bovu na kichwani habebi tena. Gurudumu langu la mbele lilikuwa limekwishapasuka. Lililobaki nyumbani lenye upepo ni lile la toroli.

"Sasa ukishindwa?" rafiki yangu aliuliza, nikiwa nafungua nati.

"Nishindwe na nani?"

"Na yule anayemshinda kila mtu."

Nilimwambia ana imani haba. Kisha tukabishana kuhusu aina ya tairi, na hapa naomba nieleweke kwamba nilikuwa na sababu za kisayansi. Barabara yetu juu kwenye mikaratusi ni ngumu, imeshindiliwa kama sakafu. Chini kwenye kona greda lilikuwa limepita na kuacha changarawe inayozunguka chini ya mguu kama maharage makavu. Yeye alitaka nyuma tuvishe mpira wenye meno, na lile la toroli, lililokuwa kipara kabisa, tulichonge mifereji kwa kisu cha moto.

"Juu utapoteza kidogo," alisema. "Lakini mbio zinaamuliwa kwenye kona."

Mimi nilikuwa nimeona video kwenye simu ya mjomba. Wazungu, vigari vidogo vyenye injini, vumbi, na jamaa mmoja anapaka tairi dawa kutoka kwenye kopo ili mpira ulainike na kushika udongo. Halafu anaufunga kwa nailoni na kuuacha unywe. Matairi yao yalikuwa vipara. Kwa hiyo vipara. Na dawa? Dawa ya kulainisha tulikuwa nayo nyumbani, nyekundu, dumu zima.

"Ewe," rafiki yangu alisema polepole, "hayo ni ya kuungia maharage."

"Yanalainisha ngozi ya mtoto mchanga. Mpira ni nani?"

Nilipaka Alhamisi jioni, nikafunga nailoni. Ijumaa asubuhi na mapema kulikuwa na ule ukungu wetu unaokufanya uheshimu sweta la shule hata wakati wa likizo. Nikafungua. Mawese yalikuwa yameganda, yamekaa juu ya mpira kama nta, ukigusa kidole kinanata. Tukashusha kigari mara moja kwa majaribio. Wallahi, kama nisingekuwa Mkristo ningeapa hivyo. Kilishika kona kama kimefungwa kwa kamba. Nilimwangalia profesa wa Makere kwa huruma. Yeye alikuwa anamwangalia mbwa wa jirani, aliyekuja kulamba gurudumu la nyuma.

"Hata mbwa amekubali," nilisema.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo ujinga wangu unapofikia kiwango cha kupewa cheti. Kazi yangu nyumbani, kila asubuhi tangu nikiwa darasa la tatu, ni kubeba dumu la mawese na kuliweka juani. Kwa nini juani? Kwa sababu usiku huku kwetu mawese yanaganda, na mama hawezi kuyapima mpaka yayeyuke. Mimi ndiye ninayeyaweka. Mimi ndiye ninayerudi kuangalia kama yameshakuwa maji. Hata asubuhi ile, kabla ya majaribio, nililitoa dumu nikaliweka mahali pake, nikajipangusa mikono na kwenda kwenye kigari.

Mchana jua lilikuwa kali. Tulisubiri kwenye mikaratusi mpaka watu wajae, maana mgeni alipenda kushinda mbele za watu. Aliangalia magurudumu yangu yakimeta.

"Umeyakaanga?" aliuliza.

Watu wakacheka. Nikamwambia atacheka vizuri akifika Kibondo.

Juu, kwenye ardhi ngumu, nilimwacha. Hilo liandikwe. Mpaka mikaratusi inaisha nilikuwa mbele urefu wa ng'ombe mmoja, nasikia meno ya matairi yake yakinguruma nyuma yangu. Kisha kona. Nikavuta kamba kulia. Gurudumu la mama likageuka kulia kwa utii wote, na kigari kikaendelea kwenda mbele. Nyuma kukaja kuangalia mbele kuna nini. Katambuga ikakandamiza changarawe, changarawe ikacheka, nami nikaingia mtaroni nikiwa nimeketi vizuri kabisa, kama abiria aliyelipa nauli.

Mgeni alipofika bombani, mbio zinapoishia, alirudi akitembea, bila haraka. Akainama juu ya kigari changu. Magurudumu ya mti hakuyatazama. Akabonyeza lile la toroli kwa kidole gumba.

"Lina upepo mzuri," alisema. "Nati zake ni namba ngapi?"

Rafiki yangu ndiye aliyempa spana. Hakusema nilikuambia, na hilo liliniuma kuliko magoti.

Nyumbani nilimkuta mama uani, amesimama mbele ya toroli lililopiga pua chini kama ng'ombe anayekunywa maji. Madumu yalikuwa tayari pembeni. Nilimweleza yote, kuanzia Kibondo mpaka mtaroni. Nilipofika kwenye mawese alinikatiza kuuliza kama niliyajaribu asubuhi au mchana. Nikamjibu asubuhi. Akalitazama dumu juani, kisha akanitazama mimi. Sheria ya mbio anaijua, kwa hiyo hakusema habari ya kwenda kwa jirani. Alisema hivi:

"Kesho mishikio nashika mimi. Wewe utashika mbele, hapo lilipokuwa tairi, mpaka sokoni na kurudi. Na usijipake kitu, jua litakuwa kali."